Jibu Lilikuwa la Kabula

Chumba cha mbele cha Nesi Devota kilinukia sabuni ya mche na tope. Mlangoni aliweka beseni la maji na kipande cha gunia, na hakuna mtoto aliyekanyaga mkeka wake kabla ya kunawa miguu hadi magotini, kwa sababu masika ya mwaka ule yaligeuza njia zetu zote za Mbuba kuwa uji mwekundu. Maji yalibadilika rangi baada ya mtoto wa tatu, lakini tuliendelea kunawa humo humo, tukinyang'anyana sabuni, masikio yetu yakiwa yameshatangulia ndani kusikiliza kama muziki wa mwanzo umeanza. Ndani kulikuwa na kiza cha dirisha dogo, harufu ya maharage yaliyokuwa yakichemka jikoni, na juu ya kabati la vyombo, ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, televisheni pekee ya upande wetu wa kilima. Nesi alikuwa mjane aliyestaafu kazi ya zahanati. Mwanawe aliyekuwa Mwanza alimletea paneli ya jua, betri na dishi ili asiwe mpweke, na yeye akaona upweke hauondolewi na televisheni bali na watoto wanaokuja kuitazama. Basi kila Jumamosi, saa kumi alasiri, chumba kile kilikuwa chetu.

Tulichokwenda kutazama kiliitwa Chombo cha Zohali. Ilikuwa tamthilia ya kutoka nje, iliyowekewa maneno ya Kiswahili, na ilikuwa imeanza kuonyeshwa zamani kiasi kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeona mwanzo wake. Nesi ndiye aliyetusimulia yale ya nyuma. Dunia ilikuwa imeharibika, watu wachache wakapanda chombo kikubwa kama kijiji, wakaondoka kutafuta pa kuishi huko kwenye nyota. Ndani ya chombo kulikuwa na nahodha mkali, kulikuwa na mganga aliyeficha ugonjwa wake, na kulikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Nela, aliyezaliwa safarini na ambaye hakuwahi kuona jua wala mti. Na kulikuwa na ile sauti. Karibu kila juma, chombo kilipokuwa karibu kuingia kwenye hatari, redio yao ilikwaruza, kisha sauti ya mtu wasiyemjua iliwaita kwa majina yao na kuwaambia wageuze njia. Sauti hiyo ilitoka mbele, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika. Ilikuwa ya nani? Hilo ndilo swali lililotufanya tuoge tope kila Jumamosi.

Kipindi kilipokwisha Nesi alizima televisheni ili kutunza betri, akaketi kwenye kiti chake cha uvivu, akasema, "Haya, nani anaotea?" Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Jastini, mtoto wa fundi cherehani, alishikilia kwamba sauti ile ni ya nahodha wa kwanza aliyetangulia kufa, na alikuwa na namna ya kuongea akisimama na kuweka mikono nyuma kama mwenyekiti wa kijiji. Wengine walisema ni shetani anayejifanya mwema. Mtoto mmoja mdogo alisema ni Mungu, na Nesi akamjibu kwa upole kwamba Mungu asingehitaji redio. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, binti wa katekista, na nilizoea kuwa wa kwanza darasani. Pale kwa Nesi sikuwa wa kwanza. Kila nilichootea kilivunjwa na kipindi kilichofuata. Nilisema mganga atakufa, akapona. Nilisema sauti ni mashine, wakaonyesha mashine imezimwa na sauti bado inaongea. Jastini alikuwa akinicheka kwa kufunika mdomo na kiganja, na kicheko kile nilikibeba hadi nyumbani.

Kwenye dawati langu shuleni nilikaa na Kabula. Familia yake ilikuwa moja ya zile chache za Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga na kujenga chini bondeni, mbali na migomba yetu. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye alama ya kuungua moto kwenye kiwiko, na alikuwa rafiki yangu kwa kila maana ya neno hilo. Tulichota maji kwenye chemchemi moja, tulikula muwa mmoja, na nilipougua malaria alinakili masomo yangu yote ya juma zima kwa mwandiko wake mkubwa ulioinama. Kwa Nesi hakuweza kuja kila Jumamosi. Kaka zake walikuwa wameoa na kuhama, kwa hiyo alikuwa na zamu ya ng'ombe, na ng'ombe hawajui Jumamosi. Pale alipokosa, mimi nilimsimulia Jumatatu asubuhi njiani, nikiigiza nahodha, nikiigiza mganga, nikiigiza hata mlio wa mlango wa chombo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mara nyingine aliniuliza kitu ambacho sikuwa nimekiona. Nela alikuwa amekaa upande gani? Sauti ilianza kabla taa haijawaka au baada?

Jumapili moja baada ya misa, tukiwa tunasubiri zamu ya kuchota, aliniambia. Jana yake alikuwa amebahatika kuja kwa Nesi. Aliweka ndoo chini, akatazama kama kuna anayetusikia, akasema, "Editha, ile sauti ni ya Nela."

Nilicheka. Nela alikuwa ndani ya chombo, mtoto wa miaka sita, angewezaje kuwa mbele tena akiwa mtu mzima?

"Sijui amefikaje," akasema Kabula. "Najua tu ni yeye." Kisha akaniuliza kama nimewahi kumsikiliza Nela kabla hajaongea. Alikuwa na mazoea ya kugonga ulimi mara mbili, taratibu, ta-ta, halafu ndipo aseme. Waliotafsiri waliweka Kiswahili juu ya maneno, lakini milio mingine waliiacha kama ilivyokuwa. Na ile sauti ya mbali, katikati ya mikwaruzo ya redio, kabla ya kuita majina, nayo ilikuwa na ta-ta ile ile. Sisi wote tulidhani ni redio inayosumbua. Kabula hakudhani hivyo, kwa sababu nyumbani kwao walikuwa na ng'ombe jike mwenye kikohozi cha ajabu, ambaye tangu akiwa ndama alikohoa mara moja kila alipotaka kulia. Walimpeleka kwa mjomba, akakaa huko miaka, akarudi akiwa mkubwa, rangi imefifia, pembe zimepinda, hata baba hakumtambua. Mama yake Kabula alikuwa jikoni, hakumwona, akasikia kikohozi na mlio, akasema yule ndama wetu amerudi. "Sura inabadilika," Kabula aliniambia. "Ile namna ya kuanza haibadiliki."

Nilisimama pale na ndoo mkononi. Nilijua papo hapo kwamba ni kweli. Na katika moyo wangu, ninaona aibu kuliandika hili, jambo la kwanza lililokuja halikuwa furaha. Lilikuwa ni swali la kwa nini hakuligundua mtu anayekuja kila Jumamosi.

"Usimwambie mtu," akasema. "Nataka niseme mwenyewe. Jumamosi nitamwomba baba."

Nikamwahidi. Juma lote tulitembea na siri ile kati yetu, tukitazamana darasani na kubana vicheko. Alifanya mazoezi ya kusema, kwa sababu kuongea mbele ya watu kulimtisha. Alijua watamcheka kwa matamshi yake. Wasukuma wengi wa kwetu walipata shida na herufi r, wakasema ledio na habali, na watoto wa kilimani hawakuacha kuwadhihaki. Sisi wenyewe Wahangaza tulikosea kwa upande wa pili, tukasema terevisheni na kurara, lakini tulikuwa wengi, na kosa la wengi halichekwi. Kabula alipata dawa. Hatasema redio kabisa, alisema, atasema chombo chao cha kuongelea.

Jumamosi ilipofika hakuja. Baadaye nilijua kwamba ng'ombe alikuwa anazaa na ndama amekaa vibaya, baba yake akamzuia asitoke. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama mlango mpaka muziki wa mwisho. Siku hiyo sauti iliongea tena, na kwa mara ya kwanza niliisikia ile ta-ta waziwazi. Nilitaka kupiga kelele. Nesi akazima televisheni, akauliza nani anaotea, na Jastini akasimama na mikono yake nyuma. Siku hiyo aliongea vizuri kuliko siku zote. Alieleza habari za nahodha wa kwanza mpaka watoto wakaanza kuitikia, na hata Nesi akawa anatikisa kichwa akikubali. Kisha Nesi akanigeukia akasema, "Editha, leo kimya? Umeishiwa maneno?" Jastini akafunika mdomo na kiganja.

Nikasema. Nilisema yote, ulimi, mikwaruzo, Nela. Jastini alipopinga kwamba mtoto hawezi kuwa mahali pawili, niliongeza la kwangu, kwamba huko kwenye nyota muda unapinda kama mto, kwa hiyo Nela mkubwa anaweza kuwa mbele ya Nela mdogo. Halafu watoto wakaanza kugonga ndimi zao, ta-ta, ta-ta, wakikumbuka, wakipigana makofi mabegani, na Nesi Devota akainuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Mtoto huyu!" akasema. "Mtoto huyu ana masikio!" Nilijiambia kwamba kelele zikitulia nitasema ni Kabula aliyegundua. Kelele zilitulia. Tulitoka nje, watu wakawa wananisindikiza, na nikajiambia nitasema kesho.

Jumatatu Kabula alikuwa ameshasikia njiani. Aliketi kwenye dawati, akapanga vitabu vyake, akaniuliza bila kunitazama, "Umesema?" Nikamjibu kwamba nilisema kidogo tu, walinilazimisha. "Uliwaambia ni langu?" Nikasema ndiyo. Alinitazama, akaamini, akatabasamu, na alitabasamu hivyo kutwa nzima akisubiri mtu aje ampongeze. Hakuna aliyekuja.

Ningeweza kurekebisha wakati ule. Lakini habari zilimfikia Mwalimu Simeo, aliyetufundisha Kiswahili, na ambaye alikuwa akitafuta mwanafunzi wa kuandika insha ya kushindana na shule nyingine mjini Ngara. Insha ilihusu mambo ya kubuni. Akaniita ofisini, akaniomba niandike namna nilivyogundua siri ya tamthilia ile, kwa sababu, alisema, mtoto wa kijijini anayesikia kile ambacho watu wazima hawakusikia ni jambo la kuandikwa. Nikaandika jioni mbili. Nilipofika mahali pa kueleza nilijuaje, kalamu ilisimama. Bila ng'ombe maelezo yalikuwa makavu. Basi nikamchukua na ng'ombe. Niliandika, "Nyumbani kwetu tulikuwa na ndama mwenye kikohozi." Kwetu hatukuwahi kuwa na ng'ombe hata mmoja. Tulikuwa na mbuzi wawili na kuku.

Mwalimu Simeo alipenda insha ile kiasi kwamba alitaka shule nzima iisikie kabla sijaenda Ngara. Asubuhi ya Ijumaa, mstarini, baada ya wimbo wa taifa, nilisimama kwenye ngazi ya ofisi nikasoma. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Sikuthubutu kumtazama Kabula, lakini nilijua alipo, mstari wa darasa la sita, wa tatu kutoka mwisho. Nilipofika kwenye ndama nilisikia sauti yake kabla sijamaliza sentensi.

"Mwalimu, huyo ng'ombe ni wetu."

Alikuwa ametoka kwenye mstari, kitu kisichofanywa. Mwalimu Simeo alimuuliza anasema nini. Kabula akasema kwamba ng'ombe ni wa kwao, na jibu ni lake, na mimi niliahidi. Alikuwa ameogopa mno hata akasahau tahadhari yake. Akasema, "Mimi ndiye niliyesikia kwenye ledio."

Kulikuwa na kicheko kidogo, cha huku na huku. Mwalimu akanigeukia. "Editha, ni kweli anayosema?"

"Si kweli, mwalimu," nikasema. Na kwa sababu nilimwona anasita, na nikaona macho ya walimu wengine mlangoni, nikaongeza, kwa sauti ya kuigiza niliyokuwa nikimwigizia Kabula mwenyewe nahodha na mganga, "Atasikiaje kwenye ledio na hata kuitaja hawezi?"

Shule nzima ilicheka. Ninavyokumbuka mimi, mwalimu aliuliza mara mbili, na mara mbili nikakana. Kisha Kabula akachapwa viboko vinne mbele ya watu, kwa kuvunja mstari na kwa kusema uongo. Hakulia. Alirudi mahali pake, wa tatu kutoka mwisho, na mimi nikaambiwa niendelee kusoma, nikaendelea. Nilisoma habari za kikohozi cha ndama hadi mwisho, na wakanipigia makofi.

Ngara tulikwenda juma lililofuata. Nilikuwa sijawahi kufika mjini zaidi ya mara mbili, na pale juu ya kilima, kati ya ofisi, soko na bodaboda zilizojaa stendi, ningepaswa kuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote. Nilipata nafasi ya pili. Wakanipa kamusi, na Mwalimu Simeo akaninunulia soda na chapati, akaketi mbele yangu kunitazama nikila, uso wake umejaa fahari. Nilitapika yote pembeni mwa ukuta wa soko. Alidhani ni safari. Alinifuta mdomo kwa leso yake mwenyewe, mtu yule mwema, ambaye nilimfanya ampige mtoto asiye na kosa.

Kabula alihamia dawati la nyuma. Hakunitukana, hakunisema kwa watu. Alikuwa akinipisha tu njiani, kama unavyompisha mtu mzima usiyemjua. Kwa Nesi hakukanyaga tena. Jumamosi moja, nikiwa ninanawa miguu, Nesi alitoka akachuchumaa karibu na beseni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Editha, habari za ng'ombe ulizijulia wapi?" Nikasema kwa shangazi yangu, huko kijiji cha Ntobeye. Alinitazama muda mrefu, mikono yake ikiwa magotini. Kisha akasema, "Haya," akaingia ndani. Baada ya likizo ya katikati ya mwaka, dawati la nyuma lilikuwa tupu. Wakasema familia ile imeshuka na mifugo yao upande wa Biharamulo. Nilihisi ahueni. Hilo nalo ni lazima niliandike. Nilihisi ahueni, kama mtu aliyetolewa mwiba.

Miaka ilipita kama inavyopita kwa kila mtu. Betri ya Nesi ilikufa, kisha Nesi mwenyewe akafariki, umeme ukafika kilimani kwetu, na mimi nikasoma, nikaajiriwa kwenye duka la dawa mjini Ngara, nikaolewa. Chombo cha Zohali hakikuisha. Kilisimama kwa muda, waigizaji wakabadilishwa, kikarudi, na sasa watu wanakitazama kwenye simu. Jastini, ambaye leo anaendesha lori, alianzisha kundi la wapenzi wa tamthilia hiyo kwenye simu na kuniingiza humo. Wamo watu wa mikoa mingi ambao sijawahi kuwaona, wanaotea asubuhi hadi jioni, na kila mmoja ana ushahidi wake wa picha na sekunde.

Na mwaka jana, hatimaye, walifichua. Sauti ilikuwa ya Nela. Mwanamke mzee alionyeshwa ameketi peke yake mbele ya redio kuukuu, akagonga ulimi mara mbili, akaita majina ya watu waliokufa zamani. Nililia kabla hajamaliza. Walieleza kwamba redio ile ndiyo iliyobeba sauti yake hadi miaka ya nyuma; muda wenyewe haukupinda kama mto wala kama kitu kingine chochote. Lile nililoongeza mimi lilikuwa upuuzi mtupu. La Kabula lilikuwa sahihi hadi kwenye ulimi. Simu ikaanza kutetemeka mezani. Jastini alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba Editha alisema haya tangu darasa la sita, mashahidi tupo, alisoma hata insha mstarini. Pongezi zikamiminika. Watu wa Mbeya na Tanga wakaniita malkia. Na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikaandika, "Asanteni sana."

Siku mbili nilikaa na asante ile. Siku ya tatu, nikiwa dukani asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, niliandika kwamba si mimi, ni Kabula, aliyekaa nami dawati moja, na kwamba nilimnyang'anya na kumkana. Kisha Jastini akauliza, "Kabula yupi?" Mwingine aliyesoma nasi akajibu, "Si yule wa ledio?" na akaweka vile vikatuni vya kucheka machozi. Hawakukumbuka sura yake, hawakukumbuka viboko, hawakukumbuka alisema nini. Walichobaki nacho cha Kabula ni dhihaka yangu.

Hapo nikaanza kumtafuta. Mteja wangu mmoja Msukuma aliuliza kwa ndugu zake, na baada ya wiki kadhaa akaniletea jina la kijiji wilayani Biharamulo. Nilipanda basi, kisha pikipiki, nikamkuta mchana ameketi kwenye turubai uani akipukuchua mahindi na binti yake. Nilimtambua kwa ile alama ya kiwiko. Yeye hakunitambua. Nilipomtajia jina langu aliacha mikono ikae ndani ya mahindi, akasema, "Editha wa katekista," akamtuma binti alete kiti. Tuliuliziana habari za wazazi, za watoto, za mvua. Kisha nikamweleza nilichojia. Simwandiki hapa kwa matamshi yake. Nilishayatumia vya kutosha.

"Zohali ndiyo nini?" aliuliza. Nikamkumbusha. "Aa, ile ya kwa nesi," akasema. Nikamwambia ilikuwa sauti ya Nela kweli, kwamba dunia nzima sasa imejua, na kwamba yeye alijua kabla ya wote. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa kwamba mvua imenyesha mahali ambapo hana shamba. "Sawa," akasema. Akapukuchua gunzi moja lote. Halafu akasema, "Lakini wewe ulimwambia mwalimu si kweli. Mara tatu."

Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba nakumbuka mara mbili.

"Mara tatu," akasema Kabula. "Nilihesabu. Kila alipokuuliza, nilijua sasa utasema."

Nilishindwa kumtazama. Nilimuuliza kama ni kwa sababu yangu aliacha shule, akanikatiza papo hapo. Walihama kwa ajili ya malisho, alisema, nisijipe ukubwa. Kisha akaongeza kwamba Nesi Devota alishuka bondeni kumwomba baba yake amwache akae kwake Nesi amalize la saba, na baba alikubali. "Mimi ndiye niliyekataa," akasema. Hakueleza kwa nini, nami sikuwa na haki ya kuuliza. Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Akanipa ugali na maziwa ya mgando, nikala mpaka nikamaliza, kwa sababu kukataa kungekuwa dharau nyingine, na binti yake akanisindikiza hadi barabarani, akinishikia mkoba kwa heshima ambayo sikuistahili.

Ninapoufananisha wakati ule na huu, ninaona watoto wangu wana bahati moja ambayo hawaijui. Siku hizi mtu akiandika wazo lake kwenye kundi, jina lake na saa yake vinakaa juu ya wazo hilo, na anayelichukua anaumbuliwa kabla ya jua kuzama. Kwa Nesi hatukuwa na hayo. Neno lilikuwa la yule aliyelisema kwa sauti kubwa, na mwingine alibaki bondeni na ng'ombe. Lakini sijifichi nyuma ya zama, kwa sababu mtu aliyejua neno lile ni la nani alikuwepo, alikuwa amesimama kwenye ngazi na karatasi mkononi, na aliulizwa mara tatu. Tamthilia bado inaendelea, na sasa kuna fumbo jipya, nahodha ametoweka, na kundi zima linagombana. Mara kwa mara mtu huniita kwa jina na kuniuliza, Editha, wewe uliyetuambia habari za Nela, unaoteaje? Huwa ninawajibu kwamba sijui. Ni kweli tupu. Katika maisha yangu yote ya kuitazama tamthilia ile, sijawahi kuotea hata jambo moja nikapata.